Kunguru, mkate na fuvu: wakaapweke wa kwenye picha za shaba wanatuambia nini?

#1 Kibibi_wa_Scheldt

Habari za muda huu wanajukwaa.

Jumamosi nilipita soko la vitu vya zamani hapa Antwerp, Ubelgiji, ninakoishi, nikanunua karatasi moja kuukuu kwa bei isiyozidi sahani ya chipsi. Ni picha ya chapa, ukubwa wake kama ukurasa wa daftari. Karatasi imeiva rangi ya chai, na ukipapasa pembeni unasikia mfereji mwembamba unaoizunguka picha nzima.

Ndani yake kuna mzee ameketi mdomoni mwa pango, ndevu zimefika kitovuni, amevaa vazi lililosukwa kama kikapu. Juu yake kunguru anashuka na mkate mdomoni. Penye goti pana fuvu, kitabu kilichofunguliwa na msalaba wa vijiti viwili vilivyofungwa kamba. Kwa mbali mzee mwingine anakuja njiani, ana mkongojo wenye umbo la herufi T unaoning'inia kikengele. Nyuma ya kilima kuna simba wawili wanachimba ardhi. Chini kuna mistari minne ya Kilatini. Jina la mchoraji halipo.

Nimelelewa na picha za watakatifu zilizobanwa katikati ya kitabu cha sala cha mama, kwa hiyo najua hakuna kitu kinachowekwa pale bure. Naomba tujuzane: huyu ni nani, kunguru na mkate vina maana gani, na mbona mtu wa jangwani amezungukwa na miti minene, kijito na daraja? Jangwa lenyewe liko wapi?

Nawasilisha.

#2 Mtoto_wa_Ujiji

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wataalamu.

#3 Katekista_Mstaafu

Dada Kibibi, hongera kwa jicho lako. Huyo ni Mt. Paulo wa Thebe, anayeitwa mkaapweke wa kwanza, na anayekuja njiani ni Mt. Antoni Abate. Wote wawili ni Wamisri. Sikukuu zao zinafuatana kwa karibu: Paulo 15 Januari, Antoni 17 Januari.

Habari yao iliandikwa na Mt. Yeronimo katika miaka ya 370. Paulo alikimbilia mlimani akiwa kijana wakati Kaisari Decius wa Roma alipowadhulumu Wakristo, akabaki huko hadi akafa akiwa na miaka 113. Alikuwa na pango, chemchemi na mtende. Mtende ulimpa chakula na vazi. Baadaye kunguru akawa anamletea nusu mkate kila siku, kwa miaka 60. Siku Antoni alipomtembelea kunguru alileta mkate mzima, kwa kuwa wageni wa Mungu walikuwa wawili. Paulo alipokufa simba wawili walitoka nyikani wakamchimbia kaburi.

Tazama vizuri mkate wako. Ni nusu au ni mzima?

#4 Kibibi_wa_Scheldt

Shikamoo mzee Katekista, na asante. Mkate ni mzima! Umeviringana kama mwezi mpevu. Basi hii ni siku ya ugeni. Lakini hapo hapo simba wanachimba kaburi, na mzee bado yu hai. Imekaaje?

#5 Msomaji_wa_Usiku

Kuhusu simba ni rahisi: wachoraji wa zamani walikuwa wanabandika mambo ya siku kadhaa ndani ya picha moja. Velázquez, mchoraji wa Hispania, naye alifanya hivyo katika mchoro wake wa Antoni na Paulo wa miaka ya 1630, ulioko makumbusho ya Prado, Madrid. Kunguru yumo, simba wanaochimba wamo, na wale viumbe nusu mtu nusu mnyama ambao Antoni alikutana nao njiani wamo pia. Jicho linasafiri kama vile mtu anasimuliwa hadithi.

Ila mimi kuna kitu kingine nataka kukisema. Antoni kashika mkongojo kwa mkono upi? Kama ni wa kushoto, hiyo ni alama. Kushoto ni upande wa mapepo, na Antoni ndiye aliyepigana nayo maisha yake yote. Mkongojo kwa mkono wa kushoto maana yake amewashinda wakiwa kwao.

#6 Kibibi_wa_Scheldt

Ni wa kushoto kweli, mkuu #5. Umenisisimua.

#7 Fundi_Chapa

Jamani tusikimbie. Mimi ni mtu wa mashine za uchapaji, miaka 22 sasa, na hili la mkono wa kushoto nalijua linakotoka.

Picha hizi zilichongwa kwenye bamba la shaba. Fundi anashika kichuma chenye ncha kali, anakisukuma mbele huku akilizungusha bamba juu ya kimto cha ngozi, na kila mstari unakuwa mfereji. Wino unapakwa, uso wa bamba unafutwa ukabaki mweupe, wino unasalia mferejini tu. Kisha karatasi yenye unyevu inalazwa juu na kupitishwa kwenye magurudumu mazito. Ule mfereji mwembamba unaousikia kwa kidole ni ukingo wa bamba ulioikandamiza karatasi. Hiyo ni dalili njema, maana yake haikutolewa kwenye mashine ya ofisini.

Sasa: kila kinachochapwa hutoka kimegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Fundi mjuzi alichonga kinyume ili kitoke sawa. Lakini chapa zilizopendwa ziliigwa ovyo, na mwigaji aliyechonga kama alivyoona alipata picha iliyogeuka. Kwa kuwa yako haina jina, nadhani ni nakala ya namna hiyo. Zenye jina kwa kawaida huwa na vifupisho vya Kilatini chini: *inv.* ndiye aliyebuni mchoro, *sculp.* ndiye aliyechonga, *exc.* ndiye aliyechapisha na kuuza. Mtu anaweza kuwa wa mwisho tu na ndiye akapata hela.

Kwa hiyo mkono wa kushoto ni wa kioo, si wa mapepo.

#8 Msomaji_wa_Usiku

Mkuu #7 nakubali hoja ya kioo, lakini aliyenunua picha hiyo miaka ile aliiona ilivyo. Akisali mbele yake anaona mkono wa kushoto. Maana haizaliwi kwa fundi peke yake.

#9 Mama_Anuarite

Turudi kwa kunguru, ndiye aliyenishika mimi. Mnakumbuka Nabii Eliya kijitoni Kerithi, kunguru wakimletea mkate na nyama? 1 Wafalme 17. Mwaka jana nilisoma somo hilo kanisani nikajiuliza kwa nini Mungu atume ndege aliyehesabiwa najisi katika Walawi. Ndiyo maana yenyewe: mlafi wa kula mizoga anabeba chakula cha mtu mwingine bila kukidonoa. Tumbo limetii.

Halafu kuna Mt. Benedikto, naye ana kunguru na mkate, ila wake ulikuwa na sumu na kunguru aliuondoa. Kwa hiyo ukiona kunguru na mkate usiseme mara moja ni Paulo. Angalia vazi.

#10 Katekista_Mstaafu

Umenena vema mama. Naongeza: mkate unaoshuka kutoka juu na kumegwa na wawili ni Ekaristi. Yeronimo anasimulia kwamba wazee hao wawili walibishana karibu mpaka jioni nani aumege, kila mmoja akimpa mwenzake heshima. Mwisho kila mmoja alishika upande wake wakavuta pamoja. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulikuwa umetetea Ekaristi dhidi ya Waprotestanti, na kikao chake cha mwisho, Desemba 1563, kikatetea picha za watakatifu. Chapa hizi zikafurika baada ya hapo. Siwezi kuamini kwamba mkate ule ni chakula tu.

#11 Pwani_Yetu

Mimi nipo Dar na kunguru wa huku hajawahi kumletea mtu mkate, anakunyang'anya ulio mkononi! Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima. Nikimwona yule wa kwetu mwenye kola nyeupe namwona kama padre, huyo ningemwamini na mkate.

#12 Mama_Anuarite

Kaka #11 umenichekesha, lakini ndiyo hoja yangu. Ukijua tabia ya kunguru ndipo unauona muujiza.

#13 Mtoto_wa_Ujiji

Nauliza kuhusu mkongojo wa T na kengele. Na mbona picha nyingine za Antoni nimeona ana nguruwe miguuni?

#14 Daktari_Mifugo

Nguruwe naweza kumjibia. Ufaransa kulikuwa na shirika la ndugu wa Mt. Antoni, lililoanza mnamo 1095, waliowahudumia wagonjwa wa ugonjwa ulioitwa moto wa Mt. Antoni. Uliletwa na kuvu inayoota kwenye nafaka. Mtu anakula mkate wake, mikono na miguu inawaka, inakuwa myeusi, mwisho inakatika. Ndugu hao walifuga nguruwe, na nguruwe wao waliruhusiwa kuzurura mitaani na kengele shingoni ili watu wawatambue. Mafuta ya nguruwe yalitumika kutengenezea dawa ya kupaka. Kwa hiyo nguruwe na kengele vyote viwili vimetoka hospitalini, si jangwani. Mpaka leo Italia na Hispania wanabariki wanyama tarehe 17 Januari.

#15 Msomaji_wa_Usiku

Hiyo ni nusu. Kabla ya hospitali nguruwe alikuwa alama ya pepo wa ulafi na uchafu, na Antoni kumweka miguuni maana yake amemkanyaga. Na kengele hufukuza mapepo.

#16 Katekista_Mstaafu

Kuna wanaosema kengele ni ya kuombea sadaka, na T ni mkongojo tu wa mzee. Wengine wanaisoma T kuwa ile alama ya Ezekieli 9, iliyotiwa kwenye vipaji vya nyuso za waliookolewa. Na wapo wanaoihusisha na ule msalaba wa kale wa Misri wenye kitanzi juu, ambao Wakristo wa Misri waliuchukua. Antoni ni Mmisri, kwa hiyo siwezi kuitupa hiyo.

#17 Daktari_Mifugo

Mzee, tukikubali zote nne tutakuwa tumesema nini?

#18 Katekista_Mstaafu

Tutakuwa tumesema kwamba alama iliishi miaka zaidi ya elfu moja na kila kizazi kiliishika kwa mkono wake, kijana wangu. Mkongojo wa babu yangu ulikuwa fimbo ya njiani, ukawa fimbo ya kikao, sasa uko ukutani kwangu.

#19 Nyika_na_Mwamba

Hakuna aliyemjibu dada kuhusu jangwa, na hilo ndilo swali kubwa zaidi humu.

Sisi tukisikia jangwa tunaona mchanga. Lakini Biblia yetu ya Kiswahili inasema Yohana Mbatizaji alihubiri katika *nyika* ya Uyahudi, na sauti ni ya mtu aliaye *nyikani*. Nimezaliwa nyikani, najua ilivyo: miiba, vichaka, mbuyu mmoja hapa mwingine kule, wanyama wapo, wewe tu ndiye huna mwenzako. Na neno la Kigiriki walilotumia, *eremos*, kiini chake ni mahali pasipo watu. Halisemi mchanga.

Sasa mchoraji wa Antwerp hajawahi kuona Misri. Mahali pasipo watu anapopajua yeye ni msitu. Maarten de Vos, mzaliwa wa huko huko, ndiye aliyebuni michoro mingi ya wakaapweke, na ndugu wawili Jan na Raphael Sadeler wakaichonga katika mifululizo kadhaa kati ya miaka ya 1580 na 1600. Mmoja wa 1594 unaitwa kwa Kilatini *Sylvae sacrae*, yaani misitu mitakatifu. Wameandika wazi: msitu! Hawakukosea jangwa, walilitafsiri. Na watafsiri wetu wa Biblia walifanya vivyo hivyo walipochagua nyika.

#20 Kibibi_wa_Scheldt

Mkuu #19, nimesoma mara tatu. Miaka yote nimesikia "nyikani" kanisani na kichwani mwangu nikaona mchanga.

#21 Msafiri_Kairo

Naomba kutofautiana kidogo. Nilifanya kazi Misri nikafika monasteri ya Mt. Antoni upande wa Bahari ya Shamu. Bado ina watawa. Kupanda hadi pangoni kwake juu mlimani ni ngazi zaidi ya 1,000, nilifika magoti yanatetemeka. Hakuna mti. Ni jiwe, anga na upepo. Ukigeuka unaiona bahari kama uzi wa buluu, na chini, pale penye chemchemi tu, kuna kijani kidogo cha mitende.

Kwenye picha takatifu za Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, Paulo na Antoni wanasimama wakitazama mbele, kunguru katikati yao juu, simba wawili miguuni pa Paulo. Hakuna msitu, hakuna daraja, na fuvu sikuliona. Mandhari imefutwa kabisa ili ubaki nao uso kwa uso. Kwa hiyo msitu wa de Vos si tafsiri tu. Ni kupendezesha. Mteja wa Antwerp alitaka kitu kizuri cha kutazama jioni.

#22 Nyika_na_Mwamba

Kupendeza nako kuna kazi. Mtu akivutwa na kijito ndipo anakutana na fuvu.

#23 Mwalimu_Historia

Nasahihisha mambo mawili kisha naongeza.

Kwanza, wengi wanaziita chapa hizi za Baroko, ule mtindo wa sanaa wa Ulaya, lakini de Vos na akina Sadeler walitangulia kidogo. Baroko tunaihesabu kuanzia 1600 hivi. Wao ndio waliotoa kielelezo, wa Baroko wakaiga na kupika upya. Kama ya dada ni nakala, inaweza kuwa ya karne ya 17 huku ubunifu wake ukiwa wa nyuma.

Pili, kusema mteja alitaka uzuri tu ni kusahau mji ulipitia nini. Mwaka 1566 watu waliingia makanisani Antwerp wakavunja sanamu na kupasua picha. Mwaka 1585, baada ya kuzingirwa, mji ulianguka mikononi mwa jeshi la Hispania, na maelfu wakahama. Akina Sadeler wenyewe walihama: Ujerumani, kisha Italia, na Jan akafia Venezia mwaka 1600. Watu waliopoteza nyumba wanachonga mzee mwenye pango na kitabu kimoja. Mimi naona hamu ya utulivu pale.

Baadaye Antwerp ikawa ndiyo karakana ya habari za watakatifu. Mjesuiti Rosweyde alichapisha humo *Vitae Patrum*, habari za mababa wa jangwani, mwaka 1615. Na mwaka 1643 Bolland na wenzake wakaanza kutoa juzuu za *Acta Sanctorum*, habari za watakatifu kwa mpangilio wa sikukuu zao, wakianzia Januari. Unaona? Paulo na Antoni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchambuliwa.

#24 Pwani_Yetu

Mwalimu, je huyo Paulo alikuwepo kweli? Nimesoma mahali kwamba hata Waprotestanti walimkataa.

#25 Mwalimu_Historia

Mashaka yalianza Yeronimo angali hai. Yeye mwenyewe, mwanzoni mwa habari alizoandika za mkaapweke mwingine, Mt. Hilarioni, analalamika juu ya watu waliosema kwamba mtu aliyejificha siku zote basi hakuwepo. Antoni ana ushahidi mzito zaidi, kwa kuwa habari zake ziliandikwa na Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliyeishi wakati wake.

#26 Mama_Anuarite

Kwangu mimi aliyejificha na bado tunamzungumzia miaka 1,700 baadaye amejificha vizuri kuliko wote. Tuendelee na fuvu.

#27 Sauti_ya_Naivasha

Fuvu ni kifo, mbona hilo liko wazi. Lakini katika chapa ya mchoraji Ribera ya mwaka 1621, aliyoifanya Napoli, Mt. Yeronimo, yule yule mwandishi, ni mzee kifua wazi, ngozi imekunjamana tumboni kama kitambaa kilicholoa, na malaika anapuliza tarumbeta juu ya kichwa chake. Ni parapanda ya hukumu. Fuvu hapo halisemi "utakufa" bali "utafufuliwa". Mchongo huu niliupakua kwenye tovuti ya makumbusho, nikauweka kwenye simu. Babangu alipofariki niliutazama kila usiku kwa wiki nzima. Kilichonishika ni mikono, imefunguka kama ya mtu aliyeitwa jina lake ghafla.

#28 Fundi_Chapa

Pole sana ndugu. Sahihisho dogo: ile ya Ribera si ya kuchonga. Ni ya tindikali. Bamba linapakwa nta, unachora juu ya nta kwa sindano kama unavyochora kwa kalamu, kisha tindikali inakula shaba palipokwanguliwa. Ndiyo maana ngozi ya mzee inaonekana hai, mkono wa mchoraji ulikuwa huru. Mchora chapa Callot naye alitumia tindikali, ila alibadili nta kwa vanishi ngumu ya mafundi wa vinanda vya nyuzi, akapata mistari midogo ajabu. Ona Majaribu ya Mt. Antoni ya 1635: pepo mkubwa angani anatapika mapepo wadogo, na mtakatifu mwenyewe ni kadogo huko pembeni, unamtafuta.

Na kwa ustadi wa kuchonga kwa chuma hakuna kama Mellan wa Paris, ambaye mwaka 1649 alichonga uso wa Kristo kwa mstari mmoja tu unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka hadi pembeni. Bamba zima, mstari mmoja. Nimejaribu kuufuata kwa macho nikapotea shavuni.

#29 Mwalimu_Historia

Callot alikuwa mtu wa Nancy, na Nancy ilitekwa na Wafaransa 1633. Mwaka huo huo alitoa picha zake za mateso ya vita. Wengine wanasema mapepo yale ya 1635 ni askari. Katika picha yenyewe kuna mzinga unaolipuka.

#30 Katekista_Mstaafu

Kuhusu fuvu tusisahau Golgotha. Biblia inapaita mahali pa Fuvu la Kichwa, na mapokeo ya kale yanasema Adamu alizikwa hapo. Fuvu chini ya msalaba ni la Adamu. Katika picha ya dada fuvu limewekwa wapi hasa, kando ya kitabu au chini ya msalaba?

#31 Kibibi_wa_Scheldt

Chini ya msalaba kabisa, mzee. Kitabu kiko upande wa pili.

#32 Mtoto_wa_Ujiji

Na yule simba wa kwenye picha za Yeronimo? Ni hawa hawa wachimba kaburi?

#33 Mama_Anuarite

Hapana mwanangu, huyo ni mwingine. Inasemekana Yeronimo alimtoa mwiba mguuni. Lakini hadithi hiyo ilikuwa ya Mt. Gerasimo wa Yordani, na majina yalipokaribiana kwa Kilatini simba akahamia kwa Yeronimo. Kofia nyekundu ya kardinali anayovikwa kwenye picha nayo si yake. Alikufa 420, na kofia hiyo makardinali walipewa 1245. Maria wa Misri naye alichimbiwa kaburi na simba. Huyo utamjua kwa mikate mitatu na nywele zilizomfunika mwili, na watu wengi humchanganya na Maria Magdalena, ambaye hushika chupa ya marhamu. Magdalena mwenyewe aliunganishwa na wanawake wengine wawili wa Injili tangu mahubiri ya Papa Gregori mwaka 591, na kalenda ya 1969 ndiyo iliyowatenganisha. Wachongaji waliwapenda hao wanawake: Adriaen Collaert alichonga mfululizo mzima wa wakaapweke wa kike kutokana na michoro ya de Vos. Mbona humu tunawataja mwishoni?

#34 Bin_Seif_Mombasa

Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu lakini uzi huu umenishika. Kwetu mtu kujitenga kwa ibada ni khalwa, na kuacha anasa ni zuhudi. Ibrahim bin Adham, aliyeacha ufalme wa Balkh, tunasimuliwa tangu chuoni, madrasa. Ninachojiuliza: mtu aliyekimbia kuonekana, halafu anachapwa mamia ya nakala na kuuzwa sokoni. Je, mwenyewe angeridhia?

#35 Mwalimu_Historia

Waaleikum salaam. Swali zito, na lina ndugu yake: walionunua ni nani? Akina Sadeler walifanya kazi München kwa Wilhelm V, mtawala wa Bavaria, aliyejenga vibanda vya wakaapweke kwenye shamba lake la Schleissheim, na mwishoni mwa miaka ya 1590 akaachia kiti akaishi kwa sala. Huyo nadhani alimaanisha. Lakini mfalme wa Hispania naye alijengewa vibanda vya namna hiyo ndani ya bustani za kasri lake la Buen Retiro, Madrid, na ule mchoro wa Velázquez alioutaja #5 ulitengenezwa kwa ajili ya kimojawapo. Upweke ukawa pambo la bustani.

#36 Msafiri_Kairo

Ndicho nilichosema #21.

#37 Nyika_na_Mwamba

Na bado mtu maskini wa Antwerp alinunua karatasi moja akaibandika ukutani. Huyo hakuwa na bustani.

#38 Mwana_Ukili

Wakuu, nimechelewa, nipo Lindi. Mmeruka kitu kimoja: vazi. Mzee Katekista amesema mtende ulimpa vazi. Yeronimo anasema alilisuka kama vikapu vinavyosukwa, na Antoni alilirithi akawa analivaa Pasaka na Pentekoste. Na kuna ile habari ya Antoni kuchoka moyo jangwani, akamwona malaika ameketi anasuka kamba, anainuka kusali, anaketi tena kusuka. Wakaapweke wa Misri waliishi kwa kusuka mikeka na vikapu.

Bibi yangu anasuka ukili mpaka leo. Akianza hasemi neno, vidole vinakwenda vyenyewe, na midomo inatembea. Nilidhani anahesabu. Siku moja nikamsogelea, kumbe anasali. Kwa hiyo kwangu alama kuu kwenye picha ni huo msuko, kuliko fuvu. Dada, tafadhali weka picha ya karibu ya vazi nimwonyeshe.

#39 Kibibi_wa_Scheldt

Nimeweka. Nimepiga kupitia kioo cha kukuzia.

#40 Mwana_Ukili

Bibi ameitazama muda mrefu, akaomba nimkuzie. Anasema huo si ukindu. Ukili wa ukindu hukatizana mshazari, na vipande hushonwa kimoja ubavuni mwa kingine. Huyu mzee amevikwa fito zilizosimama na nyingine zinazopita mbele na nyuma yake. Kwa maneno yake, "hilo ni tenga, litamchubua mabega."

#41 Nyika_na_Mwamba

Basi fundi alitazama kapu la fito la sokoni kwao! Msitu wa kwao, kapu la kwao.

#42 Fundi_Chapa

Au kichuma. Mistari ya kukatizana wima na mlalo ndiyo njia ya kawaida ya kutia kivuli kwenye shaba. Huenda alikuwa anatia kivuli, si kusuka.

#43 Mwana_Ukili

Nimemsomea bibi hoja ya #42. Amesema kivuli hakina mafundo, na hapo begani kuna mafundo. Pia anauliza yule anayekuja njiani amebeba nini kwapani. Anasema si kitabu.

#44 Kibibi_wa_Scheldt

Nimerudi na kioo. Macho ya bibi ni makali. Ni kitu kilichokunjwa, kina mikunjo mitatu, kama kitambaa.

#45 Katekista_Mstaafu

Jamani! Paulo alimwomba Antoni arudi kuleta joho alilopewa na askofu Atanasi, azikwe nalo. Antoni alipofika nalo alimkuta Paulo amepiga magoti, amekwisha kufa. Kama hilo ni joho, basi hii ni safari ya pili, na simba wana haki ya kuchimba.

#46 Mtoto_wa_Ujiji

Lakini mzee, kunguru na mkate mzima ni safari ya kwanza. Na Paulo huyu ameketi, hajapiga magoti.

#47 Fundi_Chapa

Dada, kabla hatujafika mbali, iinamishe karatasi kwenye mwanga wa dirisha uone kama mikunjo hiyo ni wino au ni mkwaruzo wa bamba.

#48 Kibibi_wa_Scheldt

Hapa ni usiku tayari. Nitaitazama kesho asubuhi, mwanga ukiingia kwa upande.